Pete ya Zohali

Kila jioni, baada ya swala ya magharibi, kazi ya Farida ilikuwa ileile. Alifagia kibaraza cha nyuma, akatandika mkeka, akaweka kigoda cha Bibi pembeni, kisha akaingia chumbani na kutoka na sanduku refu la mbao. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na darubini iliyofungwa kwa khanga kuukuu. Haikuwa kubwa. Bomba lake halikuzidi mkono wa mtu mzima, na mguu mmoja kati ya miguu yake mitatu ulikuwa umefungwa waya. Lakini Bibi aliipakata kama mtoto mchanga, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa asipokuwepo yeye.

Nyumba yao iko Bunju. Babu Suleiman na Bibi Mwajabu walihamia huko zamani, wakati mashamba ya mihogo yalikuwa mengi kuliko nyumba na usiku ulikuwa usiku kweli, si huu wa siku hizi wenye taa za maduka hadi uchochoroni. Babu alikuwa fundi saa Kariakoo. Alipenda vitu vinavyozunguka kwa mpango, na siku alipoiona darubini ya mtumba mnadani, alirudi nayo nyumbani akiwa amesahau unga aliotumwa. Bibi alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaomba na yeye atazame, na tangu hapo hakununa tena.

Bibi naye alikuwa na kazi yake. Kwa miaka thelathini alikuwa mpima hali ya hewa. Alipima mvua kwa milimita na kuhesabu mawingu kwa mafungu manane: anga likifunikwa nusu, aliandika mawingu manne kati ya nane. Hivyo basi, usiku wa Bunju ulikuwa na mgawanyo wake. Fundi saa alilenga na kuandika, mpima hali ya hewa alipima anga. Waliandika kuhusu sayari ya Mshtarii na miezi yake minne, na ile ya Zohali, hadi wakajaza madaftari kumi na moja.

Babu alifariki miaka minne iliyopita. Macho ya Bibi yakaingia mtoto wa jicho, yote mawili, na daktari akampangia upasuaji mwezi wa Januari. Kwa hiyo mwaka huu Farida, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa jicho la Bibi. Mwanzoni mwa mwaka alijifunza kuitafuta Mshtarii. Zohali walikuwa hawajaitazama hata mara moja.

"Zohali ina wakati wake," Bibi alisema kila alipoulizwa. "Ngoja Novemba, mke mwenzangu."

Ndivyo alivyomwita kwa utani, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Kila alipomtaja Babu alisema "mume wetu", na Farida alicheka kila mara.

Novemba ilifika na mvua za vuli. Alhamisi moja mchana, mama yake Farida alimpeleka Bibi kliniki ya macho. Farida alibaki nyumbani. Haikupita muda, Farhan, mtoto wa jirani aliyesoma naye darasa la sita, akachungulia juu ya ukuta.

"We Farida, eti ile darubini ya bibi yako inaweza kuona juu ya mnara wa simu?"

"Inaona hata kunguru aliyekaa juu yake."

"Acha fiksi. Mie siamini mpaka nione."

Msomaji, wewe unajua kilichofuata. Sanduku lilitolewa, darubini ikasimamishwa kibarazani, na Farhan akamwona kunguru. Alifurahi mno, akaruka, na goti lake likagonga ule mguu wenye waya. Darubini iliyumba na kuangukia saruji kwa kishindo. Walipoiinua, bomba lilikuwa limebonyea kidogo ubavuni.

"Sio ishu," Farhan alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Imebonyea tu. Usiseme, na mie sisemi."

Farida aliifunga darubini kwenye khanga, akageuza ule upande uliobonyea chini, akarudisha sanduku mahali pake. Bibi na Mama waliporudi, alikuwa tayari anafagia kibaraza.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Mama."

"Marahaba, mke mwenzangu," Bibi aliitikia kwa furaha. "Nasikia mvua imekata. Anga likoje?"

"Mawingu mawili kati ya nane, Bibi."

"Basi leo ndiyo leo. Leo Zohali."

Saa mbili kasoro usiku, Zohali ilikuwa juu kabisa, karibu na utosi. Ili kutazama juu namna hiyo, ilimbidi Farida apige magoti mkekani na kuinamisha kichwa karibu na ardhi. Alilenga, akazungusha gurudumu la kurekebishia taratibu kama alivyofundishwa, na nyota ile ikageuka kuwa kitufe kidogo cha manjano hafifu.

Kitufe tu! Pete haikuwepo.

Farida alipepesa macho, akatazama tena. Kilichoonekana ni kitufe cha mviringo, na katikati yake mstari mwembamba kama uzi, ambao mara ulionekana, mara ulipotea. Kila mtoto wa darasa lake anajua kwamba Zohali ina pete kubwa. Imechorwa kwenye kitabu cha sayansi, imechorwa na ukutani shuleni. Basi kama pete haionekani, kosa ni la darubini, na aliyeiharibu darubini anajulikana.

"Unaona nini?" Bibi aliuliza. Alikuwa ameinama mbele kwenye kigoda chake, amekunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri kupewa kitu.

"Naona... Zohali, Bibi."

"Nieleze ilivyo."

"Ina pete."

Bibi alijiinua kidogo. "Pete? Imekaaje hiyo pete?"

"Pana. Nzuri. Imeizunguka pande zote."

"Tazama tena, mwanangu. Usiharakishe."

Uongo una tabia mbaya: wa kwanza ukishatoka, unadai wa pili. Farida aliweka jicho, akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, akainua kichwa. "Ndiyo, Bibi. Pete ipo."

"Haya," Bibi alisema polepole. "Basi ichore."

Farida alichora pete ya kwenye kitabu, akaandika tarehe na saa. Alipomaliza, Bibi hakuomba asomewe kama kawaida yake. Alisema anasikia baridi, akashika ukuta, akaingia ndani peke yake.

Kesho yake jioni, Farida alikuwa akiosha vyombo aliposikia sauti za wakubwa kutoka sebuleni.

"Mwanangu," Bibi alikuwa akimwambia mama yake Farida, "juzi uliponiambia nimeanza kusahau, nilikasirika. Nisamehe. Ulisema kweli."

"Mama, mbona sufuria kuungua ni jambo la kila mtu..."

"Si sufuria. Kuna jambo nililoliona na marehemu baba yako, au nilidhani nililiona. Nimekaa nalo miaka kumi na sita. Nilikuwa nakumbuka kila kitu, hadi alivyosema, hadi alivyocheka. Kumbe halikuwa. Sasa sijui ni mangapi mengine niliyojitungia." Bibi alivuta pumzi. "Yale madaftari kesho nitampa Venance wa karanga. Karatasi ni karatasi."

Sahani ilimponyoka Farida majini. Hakujua jambo hilo ni lipi, lakini alijua limeanza usiku wa jana. Usiku ule hakula vizuri. Alijaribu kujiambia kwamba madaftari yamezeeka, kwamba Bibi angebadili mawazo asubuhi, kwamba kusema kweli sasa kungeleta mambo mawili, la uongo na la darubini. Mwenye kosa hakosi hoja.

Jumamosi saa nne, Venance alibisha hodi getini na beseni lake la karanga. Alikuwa kijana mcheshi aliyefunga karanga kwenye karatasi zilizokunjwa kama pembe, na mtaa mzima ulimwuzia karatasi zake za zamani. Bibi alitoka na madaftari kumi na moja yaliyofungwa kwa kamba ya katani.

"Haya ni mazuri sana, Bibi," Venance alisema akipapasa karatasi. "Mazito, hayapitishi mafuta. Unataka nini, hela au karanga?"

"Sitaki kitu. Chukua tu."

Venance akaanza kufungua kamba. Farida alikuwa amesimama mlangoni. Aliuona mwandiko wa Babu kwenye jalada la daftari la juu, herufi ndogo zilizonyooka za mtu aliyezoea kazi ya saa, na hapo akashindwa kuvumilia.

"Kaka Venance, usichukue! Bibi, usimpe! Mie nimekudanganya!"

Akaanza kulia, na katikati ya kilio akayasema yote: Farhan na kunguru, kishindo, bomba lililobonyea, kitufe kisicho na pete, na pete aliyoinakili kutoka kwenye kitabu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Venance, ambaye hakuelewa chochote kuhusu Zohali lakini alielewa machozi, aliyaweka madaftari chini taratibu, akajitwika beseni na kuaga.

"Farida!" Mama alifoka. "Umevunja kitu cha marehemu babu yako, halafu..."

Bibi aliinua mkono kumnyamazisha. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Hayo ya kuvunja baadaye. Farida, njoo hapa. Niambie ulichokiona. Si ulichokichora. Ulichokiona."

"Kitufe, Bibi. Cha manjano."

"Na nini kingine?"

"Kimstari katikati. Chembamba kama uzi. Mara kipo, mara hakipo. Nilidhani ni kioo kimepasuka."

Bibi aliketi kwenye ngazi ya kibaraza, palepale kwenye jua, akafunika uso kwa upande wa khanga. Mabega yalimtikisika. Farida aliogopa, kisha akagundua kuwa Bibi analia na kucheka kwa pamoja.

"Darubini ikiharibika, mwanangu, inaharibu kila kitu," Bibi alisema alipoweza kusema. "Haiwezi kula pete ikaacha sayari. Ingia chumbani, chini ya mto wangu. Kuna daftari la kumi na mbili. Hilo sikulitoa, wala sikuthubutu kuomba nisomewe, nisije nikakuta halina kitu."

Kumbe lilikuwepo la kumi na mbili. Farida alilileta, akalifungua mahali palipowekwa uzi, na Bibi akamwamuru asome kwa sauti. Ulikuwa mwandiko wa Babu, wa tarehe mbili Januari, mwaka 2009:

"Saa tisa alfajiri. Zohali kavua pete. Umebaki uzi tu. Mwajabu anasema kaivua kwa sababu anakanda unga wa maandazi. Kitabu kinasema pete imetugeuzia ukingo, na ni nyembamba mno, ndiyo maana haionekani. Itafunguka tena. Itarudi kuwa hivi Novemba 2025. Tukijaaliwa, tutaitazama wote wawili."

Mama alikuwa amekaa chini, mwiko ungali mkononi. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mbona hukumwambia mtoto kwamba pete haitakuwepo?"

"Kwa sababu mpimaji hasimuliwi kabla hajapima. Ndivyo tulivyofundishwa kituoni. Ukimwambia mtu atakachokiona, ataona maneno yako. Nilitaka ya macho yake." Akamgeukia Farida. "Na wewe ukaniletea ya kitabu. Nikaamini. Nikasema, basi jicho la mtoto ni zima, kibovu ni kichwa changu. Unajua uliniibia nini siku ile?"

Farida alitikisa kichwa.

"Ulinifanya niamini kwamba alfajiri ile haikuwepo. Mume wetu hakusema maneno yale, wala hatukucheka."

Hakuna fimbo ambayo ingeuma kuliko maneno hayo. Farida aliomba radhi akiwa amepiga magoti, na Bibi alimsamehe, lakini Mama alisema msamaha haufuti adhabu. Kwa mwezi mzima vyombo vya usiku vingekuwa vya Farida peke yake. Farhan naye aliletwa na mama yake kuomba radhi, akiwa amevaa shati la Idi, na akapewa kazi ya kuutengeneza ule mguu wa darubini kwa waya mpya.

Jumapili mvua ilinyesha mchana na usiku. Farida alifungua daftari jipya, akaandika tarehe, kisha akasita.

"Niandike nini, Bibi? Hakuna kitu."

"Andika hivyohivyo. 'Sikuona. Mawingu manane kati ya nane.' Fungua yale ya zamani uone neno 'sikuona' limo mara ngapi. Halijawahi kumtia aibu mpimaji yeyote."

Jumatatu alasiri upepo ulilisafisha anga. Jua lilipozama, mwezi mwembamba ulionekana upande wa magharibi, na Bibi akasema waanze na huo, wapate kuipima darubini kabla ya kuilaumu. Farida alilenga. Milima ya mwezi ilionekana wazi, na vivuli vyake vikali kama vilivyokatwa kwa wembe. Darubini ilikuwa nzima. Alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Alhamisi.

Kisha akapiga magoti na kuitafuta Zohali. Safari hii hakuharakisha. Alitazama hadi shingo ikamuuma, akapumzika, akatazama tena, huku Bibi akimuuliza bila kumsaidia: umbo lake? rangi? uzi umetoka pande zote mbili au mmoja? una uhakika? Alipokuwa hana uhakika alisema hana uhakika, na Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sasa nisogezeni," Bibi alisema. "Na mie nitazame."

Mama na Farida walimshika mikono, wakamwinamisha taratibu hadi mkekani. Magoti yalilia. Bibi aliweka jicho la kulia, akakaa nalo muda mrefu. Akaweka la kushoto. Aliomba Farida alenge upya, kwa kuwa sayari huhama kwenye kioo, akatazama kwa mara nyingine. Farida alimwomba Mungu kwa moyo wake wote.

"Naona mwanga," Bibi alisema mwishowe. "Ukungu wenye mwanga. Basi."

Walimkalisha kwenye kigoda. Mama alimpangusa vumbi magotini, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamelowa.

"Mama, si mwanga huo ndiyo Zohali yenyewe? Mtoto ameona uzi, na wewe umetazama mahali palepale. Mwache aandike kwamba mmeiona wote wawili. Umeingoja miaka yote hii. Nani atauliza?"

Farida alishika kalamu, akangoja. Alitamani Bibi akubali. Wakati huo angeandika chochote.

"Hakuna atakayeuliza," Bibi alisema. "Ndiyo maana ni lazima niseme kweli. Sikilizeni. Kwenye madaftari yetu mume wangu ameandika alfajiri moja ambayo hakuna shahidi wake isipokuwa mimi na karatasi. Nikitia neno moja la kunifurahisha, atakayesoma kesho atajuaje lipi la kweli na lipi la kufurahisha? Ataanza kutilia shaka na la Suleiman. Uongo haukai peke yake, Farida. Unaichafua kweli iliyo jirani yake, hata ile ya watu waliokwisha kufa na hawawezi kujitetea. Ukiogopa, sema unaogopa. Ukiharibu, sema umeharibu. Usipoona, andika hukuona, nami nitakuamini siku utakayoandika umeona. Haya, andika."

Farida aliinama chini ya taa ya kibaraza, akaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka. Kisha akasoma kwa sauti:

"Tarehe ishirini na nne Novemba, 2025. Saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Wingu moja kati ya nane. Zohali haina pete. Kuna uzi mwembamba pande zote mbili. Wa kushoto sina uhakika nao. Ameona Farida. Bi Mwajabu ametazama kwa macho yote mawili. Ameona mwanga. Uzi hakuuona."

Bibi aliomba asomewe tena, polepole. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na midomo yake ilifuatisha kila neno hadi lile la mwisho.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. Akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa mjukuu wake, akaona umelowa, akaupangusa kwa khanga yake.